Vinu Vilivyorudi

Harufu ya mringaringa uliokatwa asubuhi haidumu. Ni harufu ya majimaji, inayokaribiana na ya uji uliolala, na jua likishaupiga ule mti mpaka jioni hubaki vumbi kavu tu linalowasha pua. Lakini mwaka ule ninaoukumbuka harufu hiyo haikupata nafasi ya kukauka nyumbani kwetu Nangara, kwa sababu baba alikuwa na gogo jipya karibu kila asubuhi. Vibanzi vilitukaa kwenye nywele, vilielea kwenye ndoo ya maji, na kuku walitaga ndani ya lundo la maranda nyuma ya nyumba. Nilikuwa darasa la nne. Babati ilikuwa bado sehemu ya mkoa wa Arusha, na malori yaliyopita Bonga kwenda Dodoma yalipungua kila wiki hata sisi watoto tukaacha kuyahesabu. Mashine ya kusaga ya mtaani kwetu ilikosa kwanza mkanda, na mkanda ulipopatikana ikakosa dizeli. Kina mama ambao walishasahau kutwanga wakaanza kuulizana nani bado ana kinu. Kufa kufaana, wahenga walisema. Dhiki ya nchi nzima iligeuka kazi ya baba yangu, fundi Akonaay, mchonga vinu.

Baba hakuchonga kinu kitupu. Kiunoni mwa kila kinu alizungusha safu ya pembetatu ndogo zilizoelekeza ncha chini, na kati ya moja na nyingine akatoboa kitone kwa ncha ya msumari. Pembetatu hizo hazikuwa zake. Zilikuwa alama ya Mzee Lohay wa Nakwa, aliyemfundisha kushika tezo. Mafundi wa kwetu walikuwa na desturi kwamba mwanafunzi huchonga kwanza alama ya mwalimu wake, maisha yake yote, kisha chini yake huweka ya kwake. Ya baba ilikuwa mistari miwili iliyolala upande. Kwa hiyo hata mtu asiyejua kusoma aliweza kukiangalia kinu gulioni akakwambia kimechongwa na nani, na huyo aliyekichonga amelelewa na nani. Mzee Lohay mwenyewe alikuwa amebakiza meno mawili, alinusa ugoro mpaka ndevu zikawa na rangi ya chai, na hakuwa mtu wa kumsifia mwenzake. Alipenda kusema mbele ya watu kwamba Akonaay alikuja kwake na mikono ya kukamulia ng'ombe. Baba alicheka aliposikia hivyo, lakini alicheka kwa mdomo tu.

Uchongaji wenyewe haukuwa sehemu ngumu, baba alisema. Sehemu ngumu ni kukausha. Gogo bichi lina maji, na maji yakitoka kwa pupa mti hupasuka. Ndiyo maana kinu kikishachongwa kilipakwa samadi mbichi iliyochanganywa na mafuta ya mkia wa kondoo, zaidi kwenye mdomo na kwenye kitako ambako mti unakunywa na kutoa maji, kisha kikafukiwa kibandani chini ya maganda ya mahindi kwa miezi miwili. Samadi bila mafuta hukauka ikabanduka. Mafuta ndiyo yanayoziba. Kazi ya kupaka ilikuwa yangu, kwa sababu mikono yangu midogo ilifika mpaka chini kabisa ya kinu. Mafuta yalikaa kwenye chungu chenye kifuniko cha mbao pembeni mwa kibanda, na baba alikuwa ametangaza kwamba chungu kile si cha jikoni, hata kama tungekula mboga ya chumvi tupu. Na kweli tulikula mboga ya chumvi tupu, na kuna wiki ambazo hata chumvi haikuwepo.

Watu wa rika langu wanapokumbuka miaka ile huzungumzia foleni za duka la kijiji, unga wa njano, na sukari iliyotolewa kwa kibali kwa mwenye msiba au harusi. Mimi nakumbuka upele. Sabuni ilipotoweka, upele ulikuja kama mgeni asiyebisha hodi. Ulianzia kati ya vidole, ukapanda kwenye viwiko, ukashuka kwenye makalio, na ukifika pale huwezi kukaa kwenye dawati. Mdogo wangu Yohana, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu, alijikuna mpaka akatoka damu na kulia bila machozi. Zahanati walitupa pole, dawa ya kupaka ilikuwa imekwisha. Shuleni, kila Jumatatu mwalimu wa zamu alitupanga mstari, tukanyoosha mikono, naye akapita na fimbo akigusa waliooza. Fimbo ilipogusa mkono wangu nilitoka mstarini pamoja na wengine kama kumi na watano, tukaambiwa turudi tukiwa tumepona na sare zikiwa safi. Nilikaa nyumbani wiki tatu. Katika wiki ya nne baba akasema, bila ubaya wowote, kwamba labda nimesoma vya kutosha, kwani mikono ya kupaka vinu ilikuwa inahitajika hapahapa.

Nadhani sentensi ile ndiyo iliyomfikisha mama kwenye chungu. Alingoja siku baba alipokwenda msituni kutafuta magogo. Alichota mafuta kwa kijiko cha mbao, akayatia kwenye sufuria pamoja na maji ya majivu aliyoyachuja usiku kucha kupitia kikapu chakavu, akachochea moto mpaka ule uji ukawa mzito na rangi ya matope. Chungu hakukiacha kitupu. Alikijaza samadi, akaisawazisha, kisha juu yake akatandaza mafuta yaliyobaki, unene wa kidole kimoja, ili anayefunua kifuniko aone weupe na kusikia harufu. Nilisimama mlangoni nikimwangalia. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi, na mara moja baba alishamrudisha kwao Dareda kwa kosa ambalo sikuwahi kuambiwa, akamfuata baada ya miezi minne, akisema njiani kwamba safari ya pili hatamfuata mtu.

"Theresia," mama aliniambia, "utapaka samadi na maji. Ukiulizwa, umepaka mafuta."

Nilipaka samadi na maji. Sabuni ile ilinuka kondoo na iliuma kwenye vidonda, lakini ilitoa povu, na mama alichemsha nguo zetu zote na mablanketi, akatusugua kwa majani machungu aliyoyaleta toka bondeni. Yohana akaanza kulala. Mikono yangu ikakauka, sare yangu ikawa nyeupe kuliko za watoto wa walimu, nikarudi shuleni. Katika majuma yale nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote darasani, na kibandani kulikuwa na vinu kumi na vinne vilivyofukiwa chini ya maganda vikisubiri.

Vilifukuliwa wakati upepo wa kiangazi unavuma kutoka upande wa Mlima Kwaraa, ule upepo unaopasua midomo. Vilionekana vizima. Vikaondoka kwa siku tatu, kwenda Bonga, Nakwa, mjini, kimoja kikabebwa na punda wa mfugaji aliyetoka mbali Simanjiro. Wiki haikupita kabla sijasikia sauti ya kwanza, mchana, kwenye kinu ambacho baba alikuwa amekibakiza kwa ajili ya mama. Ililia kama kofi. Ufa ulianzia mdomoni ukashuka mpaka kwenye pembetatu. Baba akakigeuza, akakinusa. Kesho yake akaja Mama Safari wa Bonga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, akiwa amekibeba kinu chake kichwani. Alikitua mbele ya baba, akamwaga bakuli la maji ndani yake, na sote tukayaona maji yakichuruzika kwenye vumbi.

"Baba Theresia," akauliza, "hiki ni kinu au ni chujio?"

Majirani walicheka, na kicheko kile kikatangulia hata vinu vingine. Vilirudi kimoja kimoja, juu ya vichwa, juu ya mkokoteni, kimoja kikivutwa kwa kamba kama mbuzi mkaidi. Kinu cha Simanjiro tu hakikurudi, nadhani kwa sababu ya umbali. Baba alivipanga ukutani na kila mpita njia alivihesabu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na vya kwetu vilikuwa vimejitembeza mpaka nyumbani. Wateja walitaka vinu vingine badala yake, na magogo mazuri ya mringaringa yalishaanza kuwa mbali. Kila siku nilitoka shuleni nikimwomba Mungu ukuta ule uwe mtupu, na kila siku kulikuwa na kinu kimoja zaidi.

Baba alifunua chungu, akaona weupe, akafunika. Aliniuliza kama nilipaka, nikasema nilipaka. Hapo ndipo akaanza kutafuta mbali. Akakumbuka, au akakumbushwa, kwamba miezi michache nyuma kwenye pombe ya mtu aliyevunisha mahindi Mzee Lohay alisema kwa sauti kwamba Akonaay anaharakisha miti, na mti ukiharakishwa hulipa kisasi. Wakati ule watu walicheka. Sasa neno lile lilizunguka mtaa mzima likiwa limevaa nguo nyingine. Kwetu neno la mzee aliyekufundisha si neno tu. Likitoka na uchungu linaweza kukaa kwenye mikono yako, kwenye ng'ombe wako, kwenye tumbo la mkeo. Lisemwalo lipo, watu walimwambia baba, na baba, aliyekuwa amechomwa kwa miaka mingi na ule utani wa kukamua ng'ombe, aliamini haraka kuliko wote.

Siku moja nilipotoka shuleni aliniambia nikalie kinu kimoja kilicholazwa ubavu ili kisitembee. Nikakikalia kama farasi. Akachukua patasi na kuanza kuzing'oa pembetatu, moja baada ya nyingine, akizunguka kiuno cha kinu, nami nikihisi kila pigo likipanda kwenye mapaja. Mistari yake miwili hakuigusa. Alipomaliza kile akaleta kingine. Wapita njia waliacha kusalimia, wakasimama. Fundi aliyefuta alama ya mwalimu wake alikuwa amefanya jambo ambalo hata watani hawakulifanyia mzaha, kama mtu anayesema hadharani kwamba hakuzaliwa na baba. Mpaka jua linazama habari ilishafika Nakwa. Na baba akatuma ujumbe kwa wazee: Jumapili, baada ya misa, Mzee Lohay aje nyumbani kwetu ale kiapo kwamba hakumlaani. Akila kiapo cha uongo, atakufa kabla ya mvua. Akikataa, nyumba yake itatengwa, hakuna wa kumpa moto wala pombe, na ng'ombe wake hawatapita njia moja na ng'ombe wa watu.

Nilikuwa mtoto, lakini niliujua uzito wa kutengwa. Kulikuwa na familia moja karibu na ziwa iliyowahi kutengwa na nilishawahi kukatazwa kuokota mpira ulioangukia uwanjani kwao. Ijumaa nilitoroka kipindi cha mwisho, nikachukua kipande cha sabuni kilichobaki, nikakifunga kwenye ganda la hindi na kwenda Nakwa. Mzee Lohay alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake akichonga mwiko. Nikamwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akauliza kama baba amenituma nije kufuta alama hata kwenye miiko yake. Nikampa sabuni. Nilimweleza yote, toka upele mpaka chungu cha samadi, na nilieleza nikilia kwa hiyo nililazimika kurudia mara mbili.

Aliinusa sabuni muda mrefu. Kisha akacheka, yale meno mawili yakatokeza, akasema mafuta ya kondoo mzima yamegeuka sabuni mbaya namna ile, mama angepunguza majivu. Akaniuliza kama mama anajua nimekuja. Nikasema hajui. Nikamwambia, kwa furaha ya mtoto aliyepata suluhisho, kwamba sasa Jumapili anaweza kula kiapo bila woga, kwa kuwa hana kosa na hatakufa. Ndipo akaweka mwiko chini.

"Nikila kiapo na nikabaki mzima," akasema, "baba yako atamtafuta mkosaji mwingine. Nyumbani kwenu mwingine ni nani, mjukuu wangu?"

Akaniambia niende, ni mwanafunzi, nisiharibu viatu. Sikuwa na viatu.

Jumapili walikuja wazee saba na wakakaa kwenye magogo ya baba. Mama alikuwa jikoni, na kupitia mlango niliona mkono wake ukikoroga sufuria ambayo haikuwa na moto chini yake. Mzee Lohay alifika peke yake akiwa amebeba kibuyu cha pombe na kibuyu kingine kilichofungwa kwa ngozi. Hakungoja kuulizwa. Aliomba tezo na patasi za baba ziwekwe chini, akajaza pombe mdomoni, akaipulizia juu ya vyuma vile kama wanavyofanya wazee wanapobariki, mara nne.

"Nilisema neno kwenye pombe, na neno lile lilikuwa zito," alisema. "Leo naliondoa."

Wazee walitazamana. Mmoja alisogeza mguu wake mbali naye, kidogo tu, lakini nikauona. Kisha Mzee Lohay akampa baba kile kibuyu cha pili, akamwambia ni mafuta ya kondoo wake mwenyewe, na kwamba vinu vijavyo avipake Akonaay kwa mkono wake, asimwachie mtoto. Wakati wote ule hakunitazama hata mara moja. Na mimi, niliyekuwa na ulimi na miguu, na hatua tano tu kati yangu na wale wazee, nilibaki nimeshika nguzo ya kibanda. Nilijiambia kwamba yeye ndiye aliyeamua, na mtoto haingilii mambo ya wazee. Kwa miaka mingi nimekuwa nikijiambia hivyo.

Jioni ile mama alikiosha chungu cha kibandani, akamimina ndani yake mafuta ya kile kibuyu. Vinu vilivyofuata havikupasuka. Hata kimoja. Na huo ukawa ushahidi, kwani kama hakulaani, mbona alipoondoa neno miti ilitulia? Baba alizirudisha pembetatu, tena akizichonga kwa uangalifu wa mtu anayeogopa, lakini hakukanyaga tena nyumba ya mwalimu wake. Mzee Lohay hawakumtenga rasmi, kwa kuwa alikiri. Walimwogopa tu, na kuogopwa kuna ukuta mrefu zaidi. Hakuna mtu aliyempelekea tena kijana wa kufundishwa. Ndama akifa Nakwa, watu waliulizana kama siku ile mzee alipita njia hiyo. Mwanawe Gwandu alikataliwa posa mara mbili, akauza shamba, akahamia Kiteto ambako hakuna aliyelijua jina la baba yake. Mimi nilikutana na mzee barabarani mara kadhaa nikienda shuleni. Nilimwamkia, na kama hapakuwa na mtu karibu aliniuliza jambo moja tu, kama upele umepona. Alikufa nikiwa kidato cha pili. Mazishini baba alisimama nje ya ua, kofia kichwani, akaondoka kabla ya udongo.

Baba naye alikufa akiamini. Alipokuwa mgonjwa alituonya tusioe wala kuolewa kwenye ukoo ule, nami nilikaa pembeni mwa kitanda chake nikimfuta jasho, mwanamke mtu mzima mwenye kazi na nyumba, nikaitikia ndiyo baba. Mama bado yupo Nangara. Mwaka jana nilimuuliza kama alijua kwamba mimi ndiye niliyekwenda Nakwa. Alikuwa anachambua maharage. Alisema alijua tangu mzee aliposema asimwachie mtoto, na kwamba toka siku ile hakuweza kumtazama usoni yule mzee, hata kanisani alichagua benchi la nyuma yake. Nikamwambia nataka kuyaandika haya. Akaendelea kuchambua mpaka nikadhani hakusikia.

"Andika," akasema. "Lakini andika na upele."

Babati ya leo ina sabuni za rangi zote, zimepangwa mpaka kwenye meza za barabarani, na mashine za umeme zinasaga mtaa kwa mtaa. Vinu vinauzwa vidogo, vya kutwangia vitunguu saumu, na mara nyingi havina alama. Vijana wananiambia miaka ile ilikuwa ya taabu kwa sababu madukani hakukuwa na kitu, na ni kweli. Lakini neno nililokuwa nalo Jumapili ile halikuwa linauzwa dukani wala halikuhitaji kibali. Kabla ya kuandika nilimtafuta mtoto wa Gwandu, aliyerudi toka Kiteto na sasa anaendesha bodaboda karibu na stendi. Nilimkuta amekalia pikipiki yake kivulini. Akaniamkia, nikamwomba azime injini, nikamweleza jinsi babu yake alivyobeba kosa lisilo lake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kwanza alitabasamu, akasema wao walikua wakiambiwa babu alikuwa na ulimi mzito, na walikuwa wakijivunia kidogo, kwani hakuna mtoto aliyethubutu kuwaibia kuku. Baadaye tabasamu likaisha.

"Asante, shangazi," akasema. "Ila aliyelihitaji neno hili ni baba yangu, na baba tumemzika Kiteto."

Mteja mwenye gunia alikuwa amefika na kusimama kando yetu. Kijana akanitazama kama anayeomba ruhusa, nikasogea, akawasha pikipiki.